Foleni Iliyobaki Kichwani

Nilimkuta bibi mmoja pale Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, akianika mwani juu ya makuti. Kamba alizofungia mbegu ni za mnunuzi, na bei ya kilo huitaja mnunuzi yule yule. Baada ya shikamoo nikamwuliza kama hilo nalo ndilo soko huria.

"Baba," akanijibu, "wataka turudi kwenye foleni?"

Mimi sikuwa nimetaja foleni.

Ndugu msomaji, wa rika letu twaikumbuka miaka ile iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sabuni iliuzwa kwa kipande, sukari ikagawiwa kwenye duka la ushirika, na mtu aliweka jiwe mstarini limshikie nafasi. Mwaka 1983 ikaja sheria ya uhujumu uchumi. Maduka yakapekuliwa, na wapo waliotupa mali zao vichakani wasikutwe nazo. Mwaka uliofuata Serikali ile ile ikaruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mzee Mwinyi akaingia Ikulu Novemba 1985, mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata 1986, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi dukani. Nani angebishana na sabuni?

Tangu hapo imani ya soko haikuhitaji tena kupimwa kwa matokeo. Ilitosha kukumbuka foleni. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam, na ya Kibaha na Bagamoyo, ilikabidhiwa kampuni ya City Water. Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Tukasema kampuni ilikuwa mbovu. Viwanda kadhaa vya umma vikauzwa, kisha vikafungwa. Tukasema tatizo ni rushwa. Wazo lenyewe halikushtakiwa. Na (wenzangu wa Azimio wanisamehe) ndivyo tulivyofanya 1983 pia: bidhaa zilipokosekana tuliwashika walanguzi, Ujamaa wenyewe ukabaki msafi.

Kabla ya kuagana nilimwuliza bibi yule kwa nini safari hii amelipwa kidogo. Akainama, akaufikicha mwani kidogo vidoleni.

"Labda sikuukausha vizuri."

Nikaugusa na mimi. Ulikuwa mkavu, chumvi imeganda juu yake.