Kapeti la dereva: kutoka makumbi ya nazi hadi tope la Bunda

Masika yakikolea Bunda, udongo mweusi wa mbuga haubanduki kwenye kiatu. Abiria wa mchomoko, gari dogo la abiria, wa Musoma anapanda nao, anashuka, na tope linabaki sakafuni. Musoma mjini, ndoo ya samaki kutoka mwalo wa Mwigobero hudondosha maji yenye harufu isiyotoka wiki nzima. Njia za vijijini Butiama, kiangazi, ni vumbi mtindo mmoja. Mzigo wote huo hubebwa na kapeti la mpira, kifaa ambacho wenye magari wengi hukikumbuka siku ya kuosha tu.

Mpira haukuwa pekee. Miaka ya 1950 na 1960, wenye Volkswagen na Porsche waliweza kununua makapeti ya nyuzi za makumbi ya nazi, nyuzi zile zile ambazo watu wa pwani yetu walisokotea kamba za kushonea mitepe, vyombo vya kale vya baharini. Yalikauka upesi na kuficha mchanga. Lakini mpira ulishinda kwa sababu maji hayaupenyi, na uliweza kutumika hivyo tangu Charles Goodyear alipopata hataza mwaka 1844 ya kuupika na salfa ili usilainike kwa joto wala kukakamaa kwa baridi.

Faida yake kubwa haionekani. Maji yakipenya hadi kwenye zulia lililobandikwa chini, hukauka kwa shida. Bati linaanza kula kutu kimya kimya, na fundi huligundua siku sakafu inapotoboka. Kapeti lenye kingo zilizoinuka huyazuia maji hayo, ukayamwaga nje. Soli ya dereva nayo hubaki kavu, isiteleze kwenye breki.

Ila kapeti hilo hilo laweza kuua. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350 ilikimbia bila kuzuilika hadi watu wanne wakafa. Uchunguzi ulionyesha kapeti la mpira la gari la aina nyingine, lisilofungwa, lilikuwa limebana pedeli ya mafuta. Toyota iliyaita magari yapatayo milioni 3.8 nchini humo ili yarekebishwe, na baadaye ikabadili umbo la pedeli ili isinaswe kirahisi.

Kwetu hili linatugusa sana. Magari mengi ya barabara ya Bunda hadi Musoma ni Toyota zilizotumika Japani, na makapeti yake ya asili yakichakaa tunanunua ya saizi yoyote, tunayakata kwa wembe, tena tunayatandika juu ya yale ya zamani. Ndoano za kulishikilia kapeti zimeshakatika zamani, na hakuna anayeuliza.

Dereva mwenzangu, kabla ya kuwasha gari kesho, toa kapeti la chini, bakiza moja, lifunge, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa. Pedeli ikigusa kapeti, usiondoke nalo.