Nyasi mpya uani: usiamini mvua, angalia mizizi

Usione vyaelea, vimeundwa. Msemo huu hunijia kila ninapopita kando ya mashamba ya chai ya Kericho na kuziona nyumba za zamani za mameneja, zimezungukwa na nyasi zilizolala sawa kama mkeka mpya. Mgeni kutoka Pwani hudhani ni mvua tu. Nami nilidhani hivyo, na kosa hilo lilinigharimu ua mzima.

Mimi ni mtu wa Kisauni, nasomesha huku bara, upande ambao Kericho inapakana na Bomet. Nilipomaliza kujenga kijumba changu, ua ulibaki udongo mwekundu mtupu. Mahali ni mteremko, na kila mvua ya alasiri iliondoka na tabaka lake. Msingi wa jiko ukaanza kutokeza. Tena mamangu alikuwa anakuja kutoka Mombasa kukaa nasi, na magoti yake hayawezi tope.

Mwezi wa Aprili nikanunua vipande vya nyasi, vile vinavyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, nikavitandaza kwa siku moja, kisha nikakunja mikono. Nimwagilie ya nini, na huku mvua kwa mwaka ni karibu maradufu ya ile ya Mombasa? Kwa siku tisa ua ulikuwa kijani. Wiki ya pili ukageuka manjano. Siku moja ikanyesha mvua ya mawe, na vipande vya ukingoni vikashuka na maji hadi kwa jirani.

Jirani yangu ni mzee wa Kikipsigis aliyestaafu kazi ya chai. Alikuja, akashika pembe ya kipande kimoja, akakinyanyua chote kwa mkono mmoja. Chini yake udongo ulikuwa mgumu na mkavu, hakuna mzizi hata mmoja ulioshuka.

“Mwalimu,” akaniambia, “hapa hujapanda nyasi. Umetandika mkeka sakafuni.”

Mama alifika, akakaa ndani wiki nzima akiutazama tope kupitia dirishani, kisha akarudi kwao. Haya ninayoyaandika nilijifunza baada ya hapo, nilipoanza upya mwezi wa Agosti.

Kwa nini nyasi mpya hufa zikiwa kijani

Kipande kinapokatwa, sehemu kubwa ya mizizi hubaki shambani kilikotoka. Kinachofika kwako ni majani na udongo wa unene wa sentimita mbili au tatu. Majani hubaki kijani siku kadhaa kwa unyevu uliomo ndani yake, kwa hivyo rangi hukudanganya. Kipande hakijapona mpaka kitoe mizizi mipya na mizizi hiyo iingie kwenye udongo wako. Katika joto la Pwani kazi hiyo huweza kuchukua siku kumi hadi kumi na nne. Huku, kwenye urefu wa takriban mita 2,000 na usiku wa baridi, hesabu wiki tatu au nne.

Mvua pekee haitoshi, kwa sababu mvua kubwa ya mteremkoni hukimbia juu ya udongo ulioshindiliwa na malori ya ujenzi. Asubuhi inayofuata jua na upepo hukausha kingo za vipande. Ukaona matope barabarani ukadhani na nyasi zimekunywa.

Kabla ya kutandaza

Lima kwa kina cha sentimita 15, vunja mabonge, ondoa mawe na vipande vya saruji. Changanya samadi iliyooza vizuri. Sawazisha kwa reki ili maji yasielekee ukutani kwa nyumba.

Angalia uchachu wa udongo. Chai hupenda udongo mchachu, na ardhi iliyokuwa ya chai kwa miaka mingi huwa imezidi kuchachuka kwa mbolea. Nyasi nyingi za uani hupenda uchachu mdogo tu. Pima udongo kwanza, na ukiambiwa umechachuka mno, changanya chokaa ya shambani wiki kadhaa kabla ya kutandaza.

Siku ya kwanza

Tandaza vipande siku ile ile vinapofika. Vikilala vimerundikwa hupata joto katikati na kuungua. Vipange kama matofali ya ukuta, maungio ya mstari mmoja yasikutane na ya mstari wa pili. Kwenye mteremko vipande vilale kukingama, si kufuata njia ya maji, na kila kimoja kipigiliwe vijiti viwili. Mimi nilichonga vijiti vya matawi ya chai iliyopogolewa. Vihesabu, maana utaving'oa kabla ya kukata nyasi.

Jaza maungio kwa udongo laini. Kisha kanyaga juu ya ubao, au bingirisha pipa lenye maji kiasi, ili mizizi igusane na udongo. Palipobaki uwazi wa hewa, nyasi za hapo zitakufa.

Mwishowe mwagilia: kama ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, polepole, mpaka maji yaingie kina cha sentimita 10. Chomeka kisu ardhini uone kimelowana mpaka wapi.

Wiki nne za mwanzo

Wiki mbili za mwanzo, kila asubuhi nyanyua pembe ya kipande kimoja, leo hapa kesho pale. Udongo wa chini ukiwa mkavu, mwagilia lita tano kwa mita ya mraba, hata kama jana ilinyesha. Ukiwa umelowana, uache. Ukiwa unanuka na kutoa maji chini ya kidole, umezidisha: chimba mfereji mdogo wa kuyatoa.

Mwagilia asubuhi, si jioni. Nyasi zikilala usiku zimelowana katika baridi hii, kuvu huzishika.

Baada ya hapo vuta kipande taratibu. Kikikataa kunyanyuka, kimeshika. Hapo punguza idadi ya siku za kumwagilia, lakini kila mara tia maji mengi, ili mizizi iyafuate chini. Mpaka hapo mtu asipite juu yake, wala watoto wasichezee mpira. Kama lazima mpite, weka ubao.

Chunga pia fuko. Huku ndiye mwizi mkubwa wa bustani, huinua vichuguu vya udongo katikati ya nyasi. Sambaza udongo huo siku ile ile na kanyaga upya vipande vilivyoinuka, maana mizizi iliyoning'inia hewani hukauka. Mvua zikianza baada ya kiangazi, angalia viwavi jeshi: wanaweza kumaliza ua kwa siku chache.

Kukata na mbolea

Usikate mpaka nyasi zimeshika na kufika sentimita nane hivi. Kata siku kavu, kwa kisu kikali, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Kisu butu hung'oa vipande.

Kuhusu mbolea, nina onyo moja. Huku kila nyumba ina gunia la mbolea ya chai, ile NPK 26:5:5, na mkono hushawishika. Hiyo ina naitrojeni nyingi na fosforasi kidogo: husukuma majani wakati unachotaka ni mizizi, na ikimwagwa kwenye nyasi changa huziunguza. Samadi uliyochanganya mwanzo inatosha kwa wiki sita. Baadaye unaweza kutia mbolea hiyo, gramu 20 kwa mita ya mraba, kisha umwagilie papo hapo.

Mliobaki Pwani

Ndugu zangu wa Pwani, msibebe kila kitu cha huku. Nyasi za Kikuyu zinazostawi milimani hazipendi joto letu. Kwetu tumieni ukoka, paspalamu, au zile nyasi pana zinazoitwa za Pemba. Chokaa msitie kabla ya kupima: udongo wa juu ya matumbawe tayari una chokaa tele. Mchanga haushiki maji, kwa hivyo wiki mbili za mwanzo mwagilia kidogo asubuhi na tena alasiri mapema, na uhakikishe maji ya kisima si ya chumvi. Kipimo cha kunyanyua pembe ni kile kile, Likoni au Litein.

Udongo unaokwenda

Nimeambiwa nyasi ni anasa, shamba ni la mahindi na mboga. Kwa ua wa tambarare sibishani. Lakini kwenye mteremko, udongo unaotoka uani hauishii kwa jirani. Hapa Bomet maji huingia mto Nyangores, ambao huungana na Amala kuwa mto Mara. Upande wa Kericho mito hushuka hadi Ziwa Victoria. Mito hii ikijaa hugeuka rangi ya udongo wetu. Kama huna uwezo wa kufunika ua wote, anza na sehemu tatu: chini ya michirizi ya paa, kando ya msingi, na ukingo wa chini wa kiwanja.

Mimi nilianza hapo Agosti. Desemba mama akarudi. Siku ya pili yake alivua viatu, akatoka nje mwenyewe na kikombe cha kahawa, akakaa kwenye nyasi nyuma ya jiko, pale pale palipokuwa na tope. Msingi ulikuwa umefunikwa. Nilipokwenda kumchukua kiti, alikuwa ameshika kichopa cha nyasi mkononi, anavuta taratibu kuona kama zimeshika.