Neno: Mapendekezo

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, na papo hapo ikatamka kwamba vifungu kadhaa, kikiwemo cha 22 kuhusu elimu, itavichukulia kama mapendekezo tu. Neno la upole kweli! Pendekezo hukataliwa bila kuvunja ahadi. Kifungu cha mkataba ni deni. Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba, 1969, haujali jina: tamko likipunguza nguvu ya kifungu, ni tamko la kutofungwa kikamilifu na kifungu hicho, uliite utakavyo. Hata hivyo, katika Mkataba wa 1951 vipo vifungu visivyoguswa hivyo, kama cha 33 kinachokataza kumrudisha mtu kwenye hatari.

Kwa wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilichowabana zaidi ni tamko juu ya kifungu cha 26, cha uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warudi kambini. Tamko hilo la 1987 linaipa serikali haki ya kuwapangia makazi. Wengi hukomea hapo. Sentensi inaendelea: pale usalama wa taifa au utulivu wa umma unapodai.