Mawingu ya machweo (michoro ya kompyuta)

Katika programu za kuchora mandhari, kama Terragen na Blender, mawingu ya machweo huangazwa kwa kushusha jua hadi upeo wa macho. Mwanga hupita kwenye hewa nyingi. Buluu hutawanyika, nyekundu hubaki. Mandhari hutegemea pia mahali: kwa mfano, Geita, nchini Tanzania, ipo takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua huzama karibu wima, digrii 1 kila dakika 4, na machweo marefu ya Ulaya hayafai kabisa katika mchoro wake. Jua likishazama, mawingu ya chini huwa kijivu kwanza. Ya juu huendelea kuwaka upande wa chini. Kingo za mawingu zinazong'aa kulizunguka jua kabla halijazama hukokotolewa kwa kanuni ya Henyey na Greenstein ya mwaka 1941, iliyobuniwa kwa ajili ya vumbi lililo kati ya nyota.