Kompyuta Inapofika kwa Fundi: Umeme, Joto, Flashi na Mafaili Yasiyo na Nakala

Kila tunapofungua simu kwa ajili ya maswali ya kompyuta, wasikilizaji huuliza mambo yale yale. Laptopu imekuwa nzito. Flashi imegeuza mafolda yote kuwa shotikati. Umeme ulikatika, uliporudi mashine haikuwaka. Mtoto kamwaga chai kwenye kibodi. Ukipita kwenye meza ya fundi kompyuta yeyote hapa Mwanza utayakuta matatizo hayo hayo yamepangwa mstari, kila mashine na kikaratasi chake cha jina. Makala haya yanaeleza yanatokana na nini, na kipi unaweza kufanya mwenyewe kabla hujatoa hela.

Kwanza tutenganishe vitu viwili: mashine na kilichomo ndani yake. Mashine hata ikiungua hununuliwa nyingine. Tasnifu ya mwaka wa tatu, hesabu za kikundi cha vikoba au picha za harusi ambazo mteja hajazichukua studio hazinunuliwi popote. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla ya kugusa chochote, atakuuliza kama una nakala ya mafaili yako sehemu nyingine. Asipouliza, mwambie wewe.

Umeme

Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Hatari kubwa si kukatika kwenyewe, bali ule unaorudi. Unaporudi huweza kupanda na kushuka ghafla kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuua chaja au pawasaplai ya kompyuta ya mezani. Ukikatika, chomoa. Subiri utulie dakika chache ndipo uchomeke tena. Msimu wa mvua, ambapo huku Kanda ya Ziwa radi si jambo la kuuliza, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Chomoa waya wenyewe, pamoja na waya wa intaneti kama unao, maana radi hupita humo pia.

Wengi huchanganya stabilaiza na UPS. Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka, lakini umeme ukikatika nayo inazima. UPS ina betri ndani. Ile ndogo inayouzwa madukani inakupa dakika chache tu, nazo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu, si za kuendelea kuchapa barua. Wenye maduka ya stesheneri wasikilize hapa: printa ya leza na mashine ya fotokopi zisichomekwe kwenye UPS. Zinapopasha moto ile sehemu ya kugandisha wino zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo haiwezi kubeba. Wala usizibebeshe ekstensheni moja na kompyuta. Najua soketi ni chache, lakini ekstensheni yenye matawi manane iliyolala chini ya meza ni gharama inayosubiri siku yake.

Mashine nzito si lazima iwe na virusi

Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo laptopu inayokwenda vizuri asubuhi na kuanza kuganda saa nane mchana huenda haina virusi hata kimoja, ila feni yake imejaa vumbi. Ukiiweka juu ya godoro au mto, matundu ya hewa ya chini yanazibwa kabisa. Weka mezani. Mwambie fundi aifungue na kuisafisha angalau mara moja kwa mwaka, na abadilishe ile pesti inayokaa juu ya prosesa, maana hukauka. Ukipuliza vumbi mwenyewe, zuia feni isizunguke ovyo kwa upepo huo.

Kama joto si tatizo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha programu gani inakula nguvu ya mashine. Angalia pia programu zinazojiwasha zenyewe kila unapowasha kompyuta, na uzime zile usizozihitaji. Diski ikiwa imejaa hadi pomoni, punguza. Filamu ndizo huwa zimejaza.

Halafu kuna suala la aina ya diski. Hadidiski ya zamani ina sahani zinazozunguka ndani, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kusoma. SSD haina kitu kinachozunguka. Ukiniuliza hela kidogo uliyonayo uiweke wapi kwenye mashine ya zamani, nitasema kwenye SSD kabla ya kitu kingine. Inaweza kuifanya kompyuta uliyokaribia kuitupa iwake kwa sekunde badala ya dakika.

Hadidiski ikianza kutoa sauti ya tik tik tik, zima hapo hapo. Usiiwashe tena ili uhakikishe, na usikubali mtu akupigie Windows upya. Kila inapozunguka inaweza kujiharibu zaidi, na kupiga Windows juu ya mafaili unayoyataka ni kuyazika.

Flashi iliyojaa shotikati

Hili ndilo linalowapotezea watu mafaili bila sababu. Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti mafaili yako. Kinayaficha, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya moja, unakifungua kirusi chenyewe na kukihamishia kwenye kompyuta nyingine. Mwenye flashi akiona hivyo anashtuka na kuiformati. Hapo sasa ndipo mafaili yanapoondoka kweli.

Usibofye kitu na usiformati. Tumia kompyuta yenye antivairasi inayofanya kazi (ile inayokuja na Windows yenyewe inatosha) uikague flashi yote. Kisha fungua dirisha la amri, yaani cmd, na kama flashi yako inaonekana kama E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na usubiri. Mafolda yaliyofichwa yatajitokeza. Yanakili kwenye kompyuta, futa zile njia za mkato, na hapo ndipo unaweza kuiformati flashi kwa amani. Kama ulikuwa unachapisha kazi zako kwenye duka fulani, kirusi huenda ulikipata huko. Safari nyingine tuma faili kwa barua pepe, usichomeke flashi.

Windows 10 na kompyuta za mtumba

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na haitazimika, ila haipokei tena marekebisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Upo mpango wa muda wa kujiandikisha na kuendelea kuyapata hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa sehemu kubwa kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za mtumba madukani ni za chini ya hapo. Kabla ya kulipa, soma jina la prosesa. Kwenye i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6. Hiyo bado inafaa kwa kuandika na kuvinjari, hasa ukiweka Linux Mint au Ubuntu ambazo ni za bure, lakini isiuzwe kwa bei ya mashine inayoipokea Windows 11.

Ukiambiwa uzime antivairasi kwanza ili Windows ya wizi iweze kuamshwa, jiulize ni kitu gani hicho kisichotaka kuonekana.

Unapoiacha kwa fundi

Kompyuta yako ina picha, barua, pengine na nywila za benki. Kama tatizo ni kioo, kibodi au chaja, fundi hahitaji nywila yako, na unaweza kumwomba aichomoe diski uende nayo. Kama anaihitaji, badilisha nywila kabla na uibadilishe tena ukirudi. Omba risiti yenye namba ya mashine, ukubwa wa RAM na aina ya diski. Piga picha. Spea iliyobadilishwa, dai ya zamani urudishiwe. Fundi mwaminifu haoni ubaya. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayohusu wanaoshika taarifa za watu.

Kuhusu nakala, kanuni ya mafundi duniani ni nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani. Kwa mwanafunzi hiyo ni laptopu, flashi na Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure. Tasnifu ya maandishi haimalizi bando.

Na ile chai. Zima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kibodi ikiangalia chini. Usiianike juani wala usiifukie kwenye mchele. Maji matupu yana nafuu. Chai ya maziwa na sukari huacha utando unaokula bodi taratibu, kwa hiyo hata kama imekauka na inaonekana nzima, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa kabla hujaiwasha. Mwambie fundi ukweli kwamba ni chai. Akijua, anaanzia mahali sahihi.