Njia ya Kwenda Kaya Fungo

Karani wa sensa akibisha hodi, kaya kwake ni watu wanaopika chungu kimoja. Kwa Mgiriama kaya ni nyumbani, na ni ule mji wa kale ulio katikati ya msitu, walikozikwa waliomtangulia. Maana hizi mbili nilizibeba kichwani asubuhi nilipotoka Rabai kwenda Kaloleni, bara ya Kilifi, kuitafuta Kaya Fungo.

Nilianzia Rabai kwa sababu Johann Ludwig Krapf naye alianzia hapo. Mjerumani huyu alifungua misheni Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, na wote wawili wakawa wakusanya maneno. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa 1882, mwenyewe keshakufa. Ile aliyoikusanya pamoja na Rebmann, iliyotoka baadaye, ilikuwa ya lugha waliyoiita Kinyika. Jina hilo linakwaruza. Ni watu wa mwambao waliowaita jirani zao Wanyika, watu wa porini, nao wageni wakaliandika vitabuni bila kuwauliza wenyewe. Ilibidi ifike miaka ya 1940 ndipo makabila yale tisa, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Waribe, Warabai, Wakambe na Wajibana, yalipojiita Mijikenda. Kenda ni tisa, na Waswahili tulilitumia neno hilo hilo kabla ya tisa ya Kiarabu kulifukuza sokoni.

Kutoka Kaloleni nilichukua bodaboda. Kijana aliniteremsha pembezoni mwa msitu, akageuza pikipiki yake na kuondoka bila hata kupiga honi.

Mzee wa kaya alikuwa ananingoja na watoto sita. "Vua viatu, mwanangu," akasema, na hapo ndipo safari yangu ya historia ilipoanza kuuma, maana ardhi ya huko ina miiba. Alinipa masharti: hakuna kupiga picha, hakuna kukata, hakuna kutoka na kitu hata jani. Kisha akanisahau, akawageukia watoto.

Somo lenyewe halina ubao. Mtoto haruhusiwi kuugusa mti mpaka autaje kwa Kigiriama. Anayesema "mti" tu hurudishwa nyuma ya foleni. Wawili walirudishwa kwenye mti mmoja, mmoja wao akijitetea kwamba shuleni wanafundishwa Kiswahili na Kiingereza. Mzee hakubishana naye. Alimpeleka kwenye muhuhu, akamwonyesha kwamba huo ndio huchongwa vigango, nguzo za ukumbusho wa wazee wa chama cha Gohu, kwa kuwa hauliwi na mchwa upesi. Kigango si pambo, maana mzee akishawekewa chake huhesabiwa kuwa yupo. Ndiyo sababu wizi wa vigango, vilivyoishia kwenye nyumba na majumba ya makumbusho ng'ambo, unawauma wenyewe kama kuibiwa mtu.

Tulipofika penye uwazi mzee aliketi. Hapa, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alikusanya watu pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Waingereza walitaka kodi ya nyumba, na walitaka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wanawake waliapishwa kwa kiapo cha mukushekushe, wanaume kwa kile cha fisi, wasitoe hata mmoja. Oktoba wakamkamata Mekatilili, wakampeleka Kisii, mbali kabisa upande wa Ziwa Viktoria, wakidhani huko hana mtu. Januari 1914 alitoroka na mwenzake, wakaelekea pwani kwa miguu.

Nimesoma simulizi nyingi za safari hiyo, na karibu zote huihesabu kwa kilomita. Mimi hunijia swali dogo zaidi: aliomba maji kwa lugha gani? Alipita kwa watu ambao Kigiriama kwao kilikuwa mlio tu. Alipofika, kaya ilikuwa bado hapa. Agosti, mwezi Uingereza ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ikaja na baruti, ikailipua. Dola yenye manowari kupoteza baruti kwa miti! Lakini hapo angalau walielewa kitu: kiapo kilikuwa na mahali pake.

Miti iliota tena. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza makaya ya Mijikenda katika Urithi wa Dunia, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ukiyapanga hayo mawili pamoja utaona shida ilipo. Msitu unaweza kuwekewa mpaka na ukalindwa kwa sheria ya nchi. Mwiko unakaa mdomoni mwa wazee wachache, na wanaowasikiliza ni watoto sita.

Jua lilikuwa limesimama tulipofika ukingoni. Nilikuwa naifuta miguu yangu mzee alipomwona mtoto wa mwisho na kijiti kikavu mkononi. Hakupaza sauti. Alimwambia akirudishe alikokiokota, mahali pale pale. Mtoto akasema hakumbuki. Mzee akaketi juu ya jiwe, nasi tukaketi, viatu vyangu vikiwa mkononi, huku yule mtoto akirudi msituni peke yake, akitaja mti mmoja mmoja kwa sauti ili aijue njia.