Mkaguzi wa wanyama: Sare anayo, mamlaka hana

Kwa anayeitazama kwa mbali, kazi ya mkaguzi wa ustawi wa wanyama katika shirika la hisani ni kazi ya huruma: kumfungua mbwa mnyororo au kumshusha paka aliyenasa juu ya paa. Anayeingia mafunzoni hugundua mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni sheria, na kwamba hatima ya mnyama hutegemea kauli ya mkaguzi mlangoni na maandishi yake daftarini.

Mfano unaofahamika zaidi ni Shirika la Kifalme la Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, RSPCA, la England na Wales. Lilianzishwa London mwaka 1824, miaka miwili baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi na kondoo iliyowasilishwa na mbunge Richard Martin. Mwanzo ulikuwa mgumu: katibu wake wa kwanza, Mchungaji Arthur Broome, alifungwa mwaka 1826 kwa sababu ya madeni ya shirika. Malkia Victoria aliliruhusu kujiita la Kifalme mwaka 1840.

Mahitaji matano

Msingi wa mafunzo ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006. Kifungu cha 9 kinamtaka mwenye mnyama atimize mahitaji matano: mazingira yanayofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuonyesha tabia za asili, kukaa na wanyama wengine au kutengwa nao kwa kadiri inavyohitajika, na kinga dhidi ya maumivu, mateso, majeraha na magonjwa. Kwa kifungu hicho, hatua inaweza kuchukuliwa kabla mnyama hajaanza kuteseka.

Mwanafunzi hujifunza pia kuwashika wanyama wa aina mbalimbali, kuokoa kwa kamba na majini, kumhoji mtuhumiwa baada ya kumweleza haki zake, na kutoa ushahidi mahakamani. Hufundishwa vilevile kumuua bila kumtesa mnyama asiyeweza kupona. Wapo wapenda wanyama wasiolistahimili somo hilo.

Mlango ukifungwa

Linalowashangaza wengi ni kwamba mkaguzi huyo mwenye sare hana mamlaka ya pekee ya kisheria. Neno "mkaguzi" katika sheria ya 2006 humaanisha mtu aliyeteuliwa na serikali au halmashauri. Mtumishi wa RSPCA hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila ridhaa, wala kumchukua mnyama kwa nguvu. Daktari wa wanyama akithibitisha kwamba mnyama anateseka, polisi ndiye mwenye uwezo wa kumchukua, na kuingia katika makazi bila ridhaa huhitaji hati ya hakimu. Scotland ina shirika lake, ambalo wakaguzi wake wamepewa mamlaka hayo.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi hufundishwa kuzungumza kwa staha. Baadhi ya wanaolalamikiwa ni wazee, wagonjwa au watu walioishiwa fedha, ambao ushauri na onyo la maandishi huwatosha. Akiingia kwa ukali, mlango hufungwa na mnyama hubaki ndani.

Shauri likifika mahakamani, kila kitu hupimwa: saa, tarehe, picha, uzito wa mnyama, na nani alimshika tangu alipochukuliwa. Tangu Juni 2021, adhabu ya juu ya ukatili ilipanda kutoka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5. Daftari lenye mapengo humpa wakili wa utetezi nafasi ya kumnusuru mshtakiwa.

Afrika Mashariki

Kazi hii si ngeni katika ukanda huu. Nchini Kenya, chama cha KSPCA kina asili yake mwaka 1910, na ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya Sura ya 360. Tanzania ilitunga Sheria yake ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Hata hivyo, popote pale mkaguzi huanza na taarifa ya raia. Anayemwona punda mwenye vidonda akichapwa chini ya mzigo atasaidia zaidi akitaja mahali, saa na hali ya mnyama kama alivyoiona, bila kuongeza chumvi.